Janet Rowley, Mkasi na Kromosomu Namba 22

REHEMA: Haya wapendwa karibuni tena, leo mimi na kaka Sele tunamzungumzia daktari mmoja wa Chicago anaitwa Janet Rowley, na huyu mama nampenda jamani, sifichi.

SELE: Mwaga basi dada.

REHEMA: Mwaka 1944 anaomba kusoma udaktari Chuo Kikuu cha Chicago, anaambiwa nafasi za wanawake zimejaa. Darasa la watu 65, wanawake watatu tu! Akasubiri miezi tisa. Kamaliza 1948, kesho yake kaolewa.

SELE: Kesho yake?!

REHEMA: Kesho yake. Wakaja watoto wanne wote wa kiume, kwa hiyo miaka mingi akawa anafanya kazi siku chache tu kwa wiki, na kazi nyingine anaibeba anaenda nayo nyumbani. Unajua enzi zile kromosomu, vile vinyuzi ndani ya seli vinavyobeba urithi na kila jozi ina namba yake, unazipiga picha kwenye maikroskopu, halafu unazikata moja moja na mkasi unazipanga jozi jozi, binadamu ana 46 yaani jozi 23, basi yeye anazikatia kwenye meza ya kulia chakula, watoto wanamtania eti mama anacheza na wanasesere wa karatasi.

SELE: Na ndo mezani hapo hapo mambo yakatokea. Ila turudi nyuma kidogo. 1960 watafiti wawili, Peter Nowell na David Hungerford, waligundua wagonjwa wa aina moja ya kansa ya damu, ile wanaita CML, wana kromosomu moja fupi isivyo kawaida. Ikapewa jina la mji wao, kromosomu ya Philadelphia. Watu wakaamini kuna kipande kimekatika kikapotea, basi.

REHEMA: Miaka kumi na zaidi wanaamini hivyo! Sasa Rowley alikuwa ameenda Oxford kule Uingereza akajifunza mbinu mpya ya kupaka rangi, kila kromosomu inatokeza mistari yake huwezi kuichanganya na nyingine. 1972 yuko na picha zake anaangalia, namba 22, ndo ile ya Philadelphia, ni fupi sawa, lakini mbona namba 9 imerefuka? Kipande hakijapotea aisee, kimehamia! Ikatoka kwenye jarida la Nature 1973. Na mwaka huo huo wa 1972 alishaona 8 na 21 zimebadilishana vipande kwenye kansa nyingine ya damu.

SELE: Wakampigia makofi?

REHEMA: Wapi! Wengi waliona kromosomu kuvurugika ni matokeo, yaani kansa ishaingia ndo inavuruga kila kitu. Yeye anasema hapana, kama mgonjwa baada ya mgonjwa mvurugiko ni ule ule, sehemu ile ile, basi hicho ndo chanzo. Hapo ndo namvulia kofia, kwa sababu alisimama na alichokiona kwa macho yake.

SELE: Na akawa sahihi. Baadaye ikajulikana pale vipande vinapoungana, jeni, yaani kipande cha kromosomu chenye maelekezo kwa seli, ya BCR ya namba 22 inashikana na ABL ya namba 9, inazaliwa jeni mpya inayotengeneza protini ambayo kazi yake ni kuiambia seli igawanyike, igawanyike, kama swichi iliyoganda haizimiki. Sasa ukishaijua protini unaweza kuiziba. Ndo ikaja dawa ya imatinibu, Marekani wakaipitisha 2001, kidonge tu unameza kila siku.

REHEMA: Kidonge! Wagonjwa wengi wa CML sasa hivi wanaishi karibu sawa na watu wengine.

SELE: Na hata huku kwetu hii habari inagusa, ile kansa ya taya ya watoto aliyoieleza Denis Burkitt pale Mulago Kampala 1958, miaka ya 70 nayo ikaonekana kromosomu 8 na 14 zimebadilishana vipande.

REHEMA: Ila kuna kitu watu wanaogopa sana, eti baba akiwa na CML watoto watarithi. Hawarithi. Ile kromosomu inatokea kwenye seli moja ya uboho mtu akiwa ameshazaliwa, haimo kwenye mbegu wala yai.

SELE: Na kuipima?

REHEMA: Damu tu, wanatafuta ile BCR-ABL. Kipimo hicho hicho ndo kinarudiwa kila baada ya miezi kadhaa kuona dawa inashika, kwa hiyo ukijisikia vizuri usiache vidonge kimya kimya, ongea na daktari wako kwanza.