Aliyechimba Afukie

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu shikamooni. Vijana mliokaa huko nyuma, sogeeni mbele, nafasi zipo.

Nimeitwa niseme juu ya tabianchi, nishati na machimbo. Hayo mawili ya mwanzo redio haziishi kuyasema. Mimi naanza na machimbo, na mnaonijua mnajua nitaanzia kwenye shimo.

Kuna shimo moja, kijiji sikitaji wala mkandarasi simtaji. Barabara ilikuwa inajengwa, kikatakiwa kifusi. Mkandarasi akaenda kwa mwenye shamba, wakapatana bei kwa lori, malori yakasomba kutwa kucha. Barabara ikaisha, utepe ukakatwa, kambi ikavunjwa. Shimo likabaki, masika ikalijaza. Ukienda leo unakuta maji ya kijani, kingo zimekatwa wima, mtoto akiteleza hana pa kushika. Upande huu mbuzi wanakunywa, upande ule watoto wanaogelea. Chota kwa kiganja: viluwiluwi vya mbu vinachezacheza mkononi. Muulize mkandarasi, shimo ni la mwenye shamba. Muulize mwenye shamba, shimo ni la mkandarasi, na hela yenyewe ilishakwisha zamani. Nenda ofisini, unaambiwa faili linatafutwa. Mpaka lini linatafutwa?

Najua yupo anayesema moyoni: huyu naye nyumba yake kaijenga kwa nini? Kwa tofali za saruji, na kokoto nimenunua kwa akina mama wanaoponda kwa nyundo juani, jiwe wamelizungushia kipande cha tairi lisiruke, wanauza kwa ndoo. Wale wanalisha watoto. Sijasema popote kwamba watu wasichimbe. Nasema aliyechimba afukie, na hela ya kufukia iwekwe kando kabla lori la kwanza halijapakia. Hilo tu, na miaka yote naambiwa napinga maendeleo!

Sasa kwetu Tanga jambo hili ni zito kuliko kwingine, kwa sababu tumekalia mawe ya chokaa. Saruji ya Pongwe inatoka kwenye mawe hayo, na mapango ya Amboni yamo ndani ya mawe ya namna hiyo hiyo. Yale mapango hayakuchimbwa na mtu. Maji ya mvua yakipita hewani na udongoni huchukua hewa ya ukaa, yanakuwa na ukali kidogo wa asidi, yanalila jiwe pole pole, maelfu kwa maelfu ya miaka, mpaka ufa unakuwa pango. Jiwe hilo basi linapitisha maji kwenye nyufa zake. Udongo wa juu ndio chujio. Ukiuondoa ukaacha jiwe wazi, oili iliyovuja kwenye lori, kinyesi cha mifugo, taka zinazotupwa shimoni, vyote vinaingia kwenye ufa na kwenda zao. Vinatokea wapi? Kisimani kwa jirani, ambaye hata senti ya kifusi hakuionja.

Na asiniambie mtu kwamba machimbo na tabianchi ni mambo mawili. Choma kilo 100 za jiwe safi la chokaa: utapata chokaa kilo 56. Kilo 44 zilizobaki ni hewa ya ukaa, hiyo hiyo inayopasha dunia joto, imetoka ndani ya jiwe lenyewe, na hapo bado hujahesabu moshi wa kuni. Tanuri likiwashwa kwa mikoko hasara ni mbili, maana mikoko ndiyo inayozuia bahari isile pwani yetu. Watu wa Pangani hawahitaji kuhadithiwa maji ya chumvi yanayopanda mtoni.

Kufukia kwenyewe si elimu ya ajabu. Udongo mweusi wa juu unautenga pembeni, huuchanganyi na kifusi. Unachimba kwa ngazi, si wima. Ukimaliza kipande unakirudishia, ndipo unafungua kingine. Mwishoni udongo mweusi unarudi juu, unapanda miti.

Wanasema ni gharama. Haya, tazameni bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kuja Chongoleani hapa kwetu, kilomita 1,443. Mafuta yake yana nta, lazima yawekwe kwenye joto la nyuzi 50 hivi ndipo yatiririke. Kama tuyachome au tusiyachome, huo ni mjadala mwingine na ninao msimamo wangu. Lakini bomba lenyewe linazikwa, na njia yake inatakiwa irudishiwe udongo na majani. Kama hilo linawezekana kwa kilomita zote hizo, shimo la kifusi la ekari mbili linashindikana vipi?

Muda unanikimbia. Nilitaka kusema juu ya mto Zigi, maji tunayokunywa mjini kutoka bwawa la Mabayani, na jinsi uchimbaji wa dhahabu kule Sakale, milimani Usambara, ulivyotaka kutuharibia chanzo chake. Wazee wa Muheza mnakumbuka. Nilitaka kusema juu ya umeme wa maji wa Hale pia. Nayaacha.

Wenyeviti, hili msiondoke bila kuliandika. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Anayekuja na lori la mchanga mtoni, pimeni kwa kamba mbele yake. Na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, si kwa niaba ya mwenyekiti. Mkataba wa kifusi usomwe kwenye mkutano mkuu, kwa sauti, pamoja na kipengele cha kufukia: nani, lini, kwa hela ipi, na iko wapi hiyo hela. Kipengele kisipokuwepo, msigonge muhuri.

Maswali sasa. Mzee wangu wa Pongwe kanyoosha mkono tangu nilipotaja chokaa, aanze yeye.