Utamu Uliopitia Kilwa

(Mhadhara kwa walimu wa Historia na Kiswahili, Lindi mjini)

Hadithi, hadithi!

Naam. Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Walimu wa Kiswahili wameitikia kwa sauti, wa Historia wameitikia kwa kuibia. Msione haya. Leo nazungumzia sukari, na mtu asiyestahimili kusikia uongo na utamu vikitajwa kwa pumzi moja hataifurahia historia hii.

Nianze na Sungura. Kisa hiki kila nyumba ya pwani ina namna yake ya kukisimulia. Sungura kaona mzinga wa nyuki juu ya mbuyu. Mwenye mzinga ni Simba. Sungura akamwendea Buku, yule panya mkubwa, akamwambia, "Baba yangu amefariki, kaniachia mzinga wa asali. Twende tukale." Buku hakuuliza kitu. Nani anauliza akialikwa asali? Wakapanda, wakawatia nyuki moshi, wakala. Mara Simba huyo chini ya mti: "Ni nani huko juu?" Sungura akamnong'oneza mwenzake, "Nifunge ndani ya majani makavu, umwambie Simba apishe, unatupa majani." Simba akapisha, majani yakaanguka, Sungura akachomoka mbio. Buku akabaki juu ya mti na asali mdomoni, na aliyoyapata kwa Simba mnayajua.

Watoto wanacheka, tunamsifu Sungura kwa akili. Mimi siku hizi namfikiria zaidi Buku. Na lile neno la "baba yangu kaniachia" nalo haliniishi masikioni. Liwekeni akiba.

Muwa asili yake si huku. Watu wa kisiwa cha New Guinea ndio waliouotesha kwanza, maelfu ya miaka iliyopita, wakiutafuna kama tunavyoutafuna sisi. Wahindi ndio waliojua kuyachemsha maji yake mpaka yakagandana yakawa chembe. Waajemi na Waarabu wakaichukua elimu hiyo, wakaifikisha Misri na nchi za Mediterania. Kwetu muwa ulikuja na vyombo vya pwani, na Wareno walipotokea waliukuta. Aprili 1498 Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa, mfalme wa pale alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa tele, pamoja na pete ya kumhakikishia usalama. Siku chache baadaye watu wakaogelea usiku kwenda kukata kamba za nanga za meli zake. Sijui wengine mnamwonea huruma nani, lakini mimi nimecheka kila nilipokisoma kisa hicho. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na pale Mombasa miwa ilitumwa kufanya kazi ya maneno.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, kwa sababu asiyejua sukari inavyotengenezwa hawezi kuelewa kwa nini iliwala watu.

Mwangalieni muuza miwa mwenye toroli hapo stendi. Asubuhi anaparua ganda kwa kisu, analikwepa fundo, anakata pingili moja moja, nyeupe, zinatiririka maji. Jioni mtazameni tena. Ule muwa uliobaki, pale kwenye mkato, umekwisha geuka rangi na unanukia uchachu kwa mbali. Atakushushia bei kabla hujaomba. Muwa ukishakatwa tu, sukari iliyomo huanza kuharibika. Kwa mwenye shamba la ekari mia kadhaa, hiyo ni saa inayogonga kichwani mwake: leo umekatwa, leo au kesho upite kinuni.

Korosho zetu hukaa ghalani zikisubiri mnada, mkulima akalala, akaamka, akagombana na chama cha msingi, akalala tena. Muwa haungoji mtu. Msimu ukifika, shamba na kiwanda ni kitu kimoja, usiku na mchana. Wakataji wanakata, wabebaji wanabeba, kinu cha roli tatu, yaani magogo mazito yanayozunguka, kinasaga kikivutwa na ng'ombe au maji, baadaye mvuke. Mtu anakilisha miwa kwa mkono, na akisinzia, mkono unafuata miwa. Katika mashamba mengi ya Karibi palikaa shoka karibu na kinu, la kuukata mkono wa mtu kabla roli hazijamvuta mzima. Maji ya muwa yanaingia katika masufuria makubwa yaliyopangwa mstari, yanatiwa chokaa ili taka zipande juu, yanaenguliwa, yanahamishwa sufuria hadi sufuria, kila moja likiwa na moto mkali kuliko lililotangulia. Kazi ya namna hiyo, kwa miezi, ilihitaji watu wengi wasio na uwezo wa kusema "tumechoka, tunakwenda nyumbani". Wenye mitaji waliamua kuwanunua.

Hapo ndipo Kilwa inapoingia.

Tarehe 14 Septemba 1776 Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, alipata mkataba kutoka kwa Sultani wa Kilwa, Hasan bin Ibrahim. Sultani aliahidi kumpa watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piasta 20 (sarafu za fedha za zama hizo), na juu yake piasta 2 za zawadi kwa Sultani mwenyewe kwa kila kichwa. Muda wa mkataba: miaka 100. Watu hao walikuwa wapelekwe visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, yaani Île de France, ambayo leo ni Mauritius, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion.

Fungueni akiba yenu sasa. Wale watu 1,000 wa kila mwaka Sultani aliwarithi kwa nani? Walikuwa wana wa watu wa bara, Wayao, Wamakua, Wamakonde, watu wa kandokando ya Ziwa Nyasa. Mzinga ulikuwa na wenyewe.

Niseme kweli yote, maana walimu wa Historia wananitazama. Mwaka 1776 visiwa vile havikuwa vya miwa peke yake; kulikuwa na kahawa, nafaka, kazi za bandarini. Miwa ilikuja kutawala baadaye. Watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa huko Karibi lililoongoza kwa sukari duniani, waliasi mwaka 1791 na mwaka 1804 wakajitangazia nchi yao, Haiti. Sukari ikaadimika, bei ikapanda, na wenye mashamba wa Bourbon wakaona mlango umefunguka. Île de France ilitekwa na Waingereza mwaka 1810, na mwaka 1825 Uingereza ikaipunguzia sukari ya Mauritius ushuru ikawa sawa na ile ya Karibi. Kuanzia hapo muwa ulipanda mpaka kwenye miteremko ya milima. Mwaka 1822 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alikuwa ameshakubaliana na Waingereza kuwa Wakristo wasiuziwe watumwa, lakini bei ya sukari ilikuwa na nguvu kuliko karatasi, na majahazi yaliendelea kupakia gizani.

Tena si kila aliyeshushwa Kilwa Kivinje alikwenda kwenye miwa. Katika karne ya 19 wengi walipelekwa Unguja na Pemba kwenye karafuu. Nayataja haya kwa sababu nimesikia watu wakihutubia kana kwamba kila mnyororo ulielekea mahali pamoja.

Utumwa ulifutwa Mauritius tarehe 1 Februari 1835. Waliolipwa fidia ni waliokuwa na watumwa: zaidi ya pauni milioni 2 kwa Mauritius peke yake. Waliokuwa watumwa walipewa miaka mingine minne ya kufanya kazi kwa mabwana walewale, kwa jina la uanagenzi, mpaka 1839. Waliposimama huru wakakataa kurudi shambani, na mashamba yakajazwa Wahindi walioletwa kwa mikataba ya kazi.

Bourbon ilifuata tarehe 20 Desemba 1848, na hapo ndipo palipozaliwa uongo ambao hata Sungura angevua kofia. Mawakala walikuja pwani yetu, Kilwa ikiwamo, wakanunua mtu, wakamwandika kuwa ni huru, kisha palepale wakamsomea mkataba wa kufanya kazi ng'ambo miaka kadhaa. Mkalimani anamuuliza: unakubali? Amenunuliwa, amefungiwa, hajui bahari inaishia wapi, na anaulizwa kama anakubali! Serikali ya Ufaransa ilikataza jambo hilo mwaka 1859, baada ya kelele nyingi.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini visa vyetu vya utamu havina shamba la miwa ndani yake. Tuna asali, tuna nyuki, tuna "mchovya asali hachovyi mara moja", lakini huyu aliyepanda jahazi Kivinje hayumo. Wengine husema ni kwa sababu waliokwenda hawakurudi kusimulia. Sikatai, ila nadhani kuna la zaidi. Katika miji yetu, Kilwa, Lindi, Mikindani, familia nyingi zina babu wa kila upande: aliyeuzwa, aliyeuza, aliyewauzia chakula wapitao na misafara. Mjukuu anakula sahani moja na wote watatu. Ukikaa na ukoo wa namna hiyo kwenye mkeka usiku, ni rahisi zaidi kumsimulia Sungura. Siwalaumu bibi zetu. Ila sisi tunalipwa mshahara kufundisha, na vitabu vingi vinaipitisha habari nzima kwa mstari mmoja: "walipelekwa mashamba ya Mauritius na Réunion". Mikoa yetu hii miwili, Lindi na Mtwara, haina kiwanda kikubwa cha sukari hata kimoja. Sukari yetu ya chai inatoka Kilombero, Mtibwa na kwingineko. Kwa hiyo mtoto wa Lindi anakua akidhani habari za sukari ni za watu wa Morogoro.

Mauritius wanapumzika kazi kila 1 Februari, Réunion kila 20 Desemba. Ombi langu ni kwamba 1 Februari ijayo, katika kipindi cha Historia ya Tanzania na Maadili, muandike masharti ya Morice ubaoni. Watu 1,000 kwa mwaka, piasta 22, miaka 100. Waacheni wanafunzi wapige hesabu wenyewe wafike kwenye watu 100,000. Kisha wa Kiswahili aingie na kisa cha mzinga, awaulize nani ni nani. Msiwape majibu. Darasa la Kivinje litajibu tofauti na darasa la Masasi, na hiyo tofauti ndiyo mnayopaswa kuizungumza.

Haya, maswali. Nimeona mzee wangu wa hapo mbele ameinua mkono tangu nilipomtaja Sultani na hajaushusha. Shikamoo mzee, karibu, mpeni kipaza sauti.