Jicho Moja Linapoona Viwili

Walimu wangu, wazazi na ndugu zangu wote mliofika, habari za asubuhi.

Leo nazungumzia tatizo ambalo wagonjwa wengi hulificha, wakihofia wataonekana wamechanganyikiwa. Mtu anafumba jicho moja, anabaki na jingine, na bado anaona vitu viwili. Herufi ubaoni ina kivuli chake pembeni. Taa ya bodaboda usiku inagawanyika mbili, pengine tatu. Wapo wazee wanaotoka uani kutafuta mwezi mwandamo, na mmoja anaapa kwamba ameuona pamoja na mwenzake kando yake. Watu hawa wanasema kweli. Na habari njema ni kwamba wengi wao wanatibika.

Jambo la kwanza nalitilia mkazo kuliko yote. Ukianza kuona viwili, funika jicho moja kwa kiganja bila kulibinya, utazame kitu kilicho mbali. Kisha funika la pili. Ikiwa viwili vinapotea kila unapofunika jicho, haidhuru lipi, basi macho yako hayatazami pamoja. Chanzo kinaweza kuwa kwenye misuli ya macho, kwenye neva, au kichwani. Kisukari hufanya hivyo, kiharusi pia, na ugonjwa wa tezi ya shingo. Hali hiyo ikianza ghafla, na hasa kope likilegea au mboni moja ikipanuka kuliko nyingine, usingoje kesho. Nenda hospitali kubwa siku hiyohiyo.

Lakini ikiwa viwili vinabaki hata unapotumia jicho moja peke yake, tatizo kwa kawaida limo ndani ya jicho hilo. Inanisikitisha familia inapochangishana fedha za kipimo cha CT cha kichwa, picha inatoka safi, na mgonjwa anarudi nyumbani na viwili vyake vilevile, wakati kufunika jicho kwa mkono kungeonyesha njia ya kufuata.

Sasa chukueni zile kadi na pini mlizogawiwa mlangoni. Toboeni tundu moja dogo katikati ya kadi. Wale wenye jicho linaloona kivuli, fumbeni jicho zima, muweke tundu karibu na lile lenye tatizo, mtazame saa iliyo ukutani nyuma yangu. Naona mama mmoja ameanza kutabasamu. Namba zimekuwa moja moja, sivyo? Tundu linaruhusu mwanga upite katika sehemu ndogo tu ya jicho, kwa hiyo mikunjo ya konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, au ukungu wa lenzi iliyo nyuma yake haupati nafasi ya kuutawanya. Kivuli kikipotea kwa tundu, ni dalili kubwa kwamba kasoro iko mbele ya jicho, yaani kwenye machozi, konea au lenzi. Kikibaki, daktari atapanua mboni kwa dawa ya matone na kuchunguza retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Huko nyuma utando mwembamba unaweza kuota juu ya retina na kuikunja. Mtu wa namna hiyo hutazama nondo za dirisha akaziona zimepinda. Wenye kisukari, retina zenu zipimwe kila mwaka hata kama mnaona vizuri.

Chanzo cha kawaida kabisa ni astigmatizimu, yaani konea isiyo na mviringo sawa pande zote. Mwanasayansi Mwingereza Thomas Young aliieleza mwaka 1801 kutokana na jicho lake mwenyewe. Miaka zaidi ya ishirini baadaye George Airy, Mwingereza aliyekuja kuwa mtaalamu mkuu wa nyota wa nchi yake, aligundua kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa likiona nukta ya mwanga kama mstari. Akapiga hesabu, na mwaka 1825 akaeleza lenzi aliyobuni kwa ajili ya jicho hilo. Miwani tunayowaandikia watoto wenu leo inafuata kanuni ileile. Ni tiba ya bei nafuu, na karibu miaka 200 sasa ipo.

Machozi nayo yasidharauliwe. Anayepika kwa kuni, anayefanya kazi kwenye vumbi, na kijana anayekodolea simu hadi usiku wa manane bila kupepesa, wote wanaweza kuona kivuli. Pepesa mara kadhaa: herufi zikiungana kwa sekunde chache kisha zikaachana tena, inaelekea jicho ni kavu. Machozi ya bandia na kupumzisha macho husaidia sana. Hata chokea kubwa iliyokaa muda mrefu juu ya kope huweza kuikandamiza konea ikabadilika umbo.

Kwa wazee, mshukiwa wa kwanza ni mtoto wa jicho. Katikati ya lenzi panapokomaa na kuwa pagumu, mwanga unapinda pale kwa namna tofauti na pembeni, picha zinakuwa mbili. Mzee huyo pengine anafurahi kwamba siku hizi anasoma msahafu au Biblia bila miwani. Furaha hiyo haidumu, kwa sababu lenzi inaendelea kuharibika. Dawa ya matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho haipo, anayewauzia anawaibia. Tiba ni upasuaji: lenzi iliyochakaa inatolewa na ya bandia inawekwa, kazi iliyoanzishwa London mwaka 1949 na daktari wa macho Harold Ridley. Mgonjwa akianza tena kuona kivuli miezi au miaka baada ya upasuaji, arudi. Mara nyingi ni utando ulio nyuma ya lenzi umeota ukungu, na leza huutoboa kwa dakika chache.

Sasa naomba masikio yenu yote, walimu hasa. Kuna watoto wetu wenye mzio wa macho. Macho yanawasha, yamekuwa ya kahawia kidogo kwenye weupe, na mtoto anayafikicha kutwa kwa vifundo vya vidole. Mnawaona madarasani. Kufikicha huko kwa miaka kunahusishwa na ugonjwa unaoitwa keratokonasi: konea, ambayo katikati ina unene wa takriban nusu milimita tu, inakonda na kuchongoka mfano wa pia. Ugonjwa huu huanza zaidi katika umri wa balehe. Miwani inabadilishwa kila baada ya miezi michache na bado haitoshi, na jicho moja, ambalo kwa kawaida linaathirika kuliko jingine, linaona herufi na kivuli chake.

Ukiwahiwa, unaweza kusimamishwa. Konea hutiwa matone ya vitamini B2, kisha humulikwa kwa miale ya urujuanimno ili nyuzi zake zishikamane na kuimarika. Mbinu hiyo ilitengenezwa Dresden, Ujerumani, na hapa kwetu Afrika Mashariki inafanyika Nairobi. Ieleweke kwamba inazuia ugonjwa usiendelee, hairudishi umbo lililokwisha kupotea, na konea iliyokonda mno haifai. Aliyechelewa atahitaji lenzi ngumu za kuvaa juu ya jicho, na akichelewa zaidi, kupandikizwa konea ya marehemu. Ndiyo maana nang'ang'ania watoto wapelekwe mapema.

Nyumbani, muwasho utulizeni kwa kitambaa safi chenye maji baridi na dawa za mzio alizoandika daktari. Wazazi wengi hununua dukani matone yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, kwa sababu yanatuliza ndani ya siku mbili. Yanatuliza kweli. Yakitumiwa kiholela kwa miezi, yanaleta presha ya macho na mtoto wa jicho kwa kijana wa miaka 15. Nakasirika kila ninapoliona hili, maana presha ya macho ikishakula neva, uoni uliopotea haurudi. Na maji ya majani, maziwa ya mama au mkojo visiingie jichoni kamwe. Vinaweza kuleta kidonda, na kidonda kikipona kinaacha kovu kwenye konea, na kovu lenyewe linazaa kivuli kipya.

Aliyepigwa jicho kwa jiwe, manati au ngumi kisha akaanza kuona viwili asisubiri. Lenzi inaweza kuwa imeng'oka mahali pake.

Mzee aliyekaa karibu na dirisha ameuliza kuhusu miwani ya mezani sokoni. Mzee wangu, ile inakuza maandishi ya karibu, na lenzi zake mbili zina nguvu sawa. Haina marekebisho ya astigmatizimu, ambayo huwekwa kwa pembe ya jicho la mtu mmoja mmoja. Ukiivaa, herufi itakuwa kubwa pamoja na kivuli chake. Njoo tukupime.

Mashine ziko chumba cha pili. Tutaanza na watoto wanaofikicha macho, halafu wazee. Waliotoboa kadi waje nazo, waniambie walichoona kwenye tundu.