Kufunga Zawadi za Sikukuu kwa Kitambaa

Ndugu wasikilizaji, wazazi wetu shikamooni, na vijana mliofika karibuni sana.

Nimeombwa kuzungumzia namna ya kufunga zawadi za Krismasi na mwaka mpya kwa kitambaa badala ya karatasi. Niseme mapema kwamba siungani na wale wanaodai kuwa kitambaa ni bora kuliko karatasi kwa hali yoyote ile. Ubora wake unategemea jambo moja tu, nalo ni iwapo kitaendelea kutumika baada ya zawadi kufunguliwa.

Karatasi ya kawaida huoza na huweza kusindikwa upya. Zile za kung'aa tunazozipenda, hata hivyo, nyingi zina utando mwembamba wa plastiki au wa metali ambao ni vigumu kuutenganisha na karatasi, kwa hiyo huishia jalalani au motoni. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza hapa Tanzania tarehe 1 Juni 2019 ililenga mifuko ya kubebea bidhaa; karatasi ya zawadi haikuguswa.

Wajapani wana utamaduni mrefu wa kufunga vitu kwa kitambaa cha mraba wanachokiita furoshiki. Kilipata umaarufu zama za Edo (1603 hadi 1868), watu walipokitumia kufungia nguo zao kwenye mabafu ya umma, kisha kikapoteza nafasi yake mifuko ya karatasi na plastiki ilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 2006 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Yuriko Koike, alikipigia debe upya kwa kutoa furoshiki iliyofumwa kwa nyuzi zilizotokana na chupa za plastiki. Kwa desturi yao, mtoa zawadi hukifungua kitambaa mwenyewe, akakabidhi kilichomo, kisha akarudi nacho nyumbani. Sisi tungemwona mchoyo! Lakini desturi hiyo ndiyo iliyokifanya kitambaa kimoja kihudumu kwa miaka mingi.

Na miaka hiyo inahitajika kweli. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha utafiti kuhusu mifuko ya kubebea, ukaonyesha kwamba mfuko wa pamba unahitaji kutumika mara 131 ndipo mchango wake katika ongezeko la joto duniani ulingane na wa mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Hesabu hiyo ni ya mifuko, si ya vifungio vya zawadi, lakini onyo lake linatuhusu: anayenunua kitambaa kipya kwa ajili ya kufungia tu, kisha kikatupwa, ameharibu zaidi ya aliyetumia karatasi.

Ndiyo maana napendekeza khanga. Mpokeaji hatajiuliza aifanyie nini, kwa kuwa ataivaa, atabebea mtoto, au atafunga fedha kwenye ncha yake kama bibi zetu wanavyofanya sokoni Majengo. Khanga moja ina urefu wa takribani sentimita 150 na upana wa 110, kwa hiyo zawadi ndogo itapotea ndani yake. Ikunje mara mbili kwanza. Weka zawadi katikati, kutoka kona hadi kona, funika kwa kona mbili zinazotazamana, kisha funga mbili zilizobaki: ncha ya kulia ipite juu ya ya kushoto, na mara ya pili ya kushoto ipite juu ya ya kulia. Ukirudia upande uleule mara zote mbili, fundo litapinda na kulegea njiani. Khanga mpya ifuliwe kabla, kwanza kwa sababu ule ugumu wa dukani hufanya fundo liteleze, na pili kwa sababu Desemba huku kwetu ni mwezi wa mvua, na khanga isiyofuliwa ikilowa juu ya bodaboda inaweza kuchuja rangi hadi kwenye zawadi. Soma pia jina lake kabla ya kulipa. Kumpelekea mama mkwe khanga iliyoandikwa “Kikulacho ki nguoni mwako” ni kutafuta kesi siku ya sikukuu.

Asiye na uwezo wa khanga aende kwa fundi cherehani aombe mabaki ya vitenge, ambayo mara nyingi hutupwa. Vipande vikiungwa na kupigwa ovaloki pembeni vinatosha kabisa kufungia kitabu au chupa ya mvinyo wa zabibu zetu. Wakorea wana sanaa nzima ya kuunga mabaki kwa namna hiyo, na kazi zao zimeingia hadi kwenye majumba ya makumbusho.

Kuhusu kurudisha kitambaa, hatuna haja ya kuiga Japani. Sahani ya jirani hairudi kwao tupu, na kitambaa kinaweza kufuata njia hiyohiyo, kikarudi na karanga, ubuyu au zabibu za msimu, ndani ya familia au kati ya majirani wanaojuana. Kwa mtu wa mbali, hesabu kwamba kitambaa nacho ni sehemu ya zawadi, na ukichague hivyo. Mzigo wa basi kwenda Singida au Iringa utiwe kwanza kwenye boksi, kwani fundo halihimili kurundikiwa magunia kwenye buti.

Sasa nakaribisha maswali.