Mafuta mtaroni: bata, kalenda ya bucha, na mtu tuliyemlaumu bure

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Asanteni kwa kuja, najua ni Jumamosi na leo kuna mpira kwa hivyo sitawashika sana. Wale wa nyuma mwanisikia? Haya.

Mwenyekiti ameniambia niongee kitaalamu, vile mtu anavyochunguza mafuta yaliyoingia kwenye mtaro wa makaazi, yametoka wapi na nani ameyamwaga. Nitaongea, lakini wacha nianze na aibu yangu mwenyewe manake bila hiyo hamtanielewa.

Mtaa ninaokaa, hapa hapa Mombasa, sitautaja, una mtaro mpana wa kama mita tatu, umepigwa simiti pande zote mbili, unapita katikati ya nyumba za watu mpaka unamwaga kwenye hori. Huku juu barabarani kuna petroli stesheni. Sasa kukaanza harufu ya dizeli. Si kila siku, siku mbili ipo, wiki nzima haipo, halafu asubuhi moja unatoka kununua mahamri unaona maji yana rangi rangi, zambarau na kijani na dhahabu, na mahali yalipojaa zaidi ni pale pale chini ya petroli stesheni. Mafuta yako chini ya pampu, pampu ziko juu ya mtaro, sasa hapo unataka ushahidi gani tena? Tukaandika barua, na mwandishi alikuwa mimi, watu 64 wakatia sahihi, nakala ikaenda kaunti, nyingine NEMA, ile mamlaka ya mazingira ya taifa, bodaboda zote zikahamia kituo kingine, na baada ya mwezi yule manija akaachisha kazi vijana wawili wa pampu kwa sababu biashara imekufa.

Na hakuwa yeye.

Kwa hivyo ninayoyasema leo niliyajua kabla ya hiyo barua, nimesomea, ni kazi yangu. Niliyaruka kwa sababu nilikuwa na hasira na kila mtu mtaani alikuwa ashakubali. Mnicheke tu, ni sawa.

Cha kwanza kabisa, je, ni mafuta kweli? Msicheke hapo. Kuna bakteria wanaokula chuma kwenye maji yaliyotulia, wanatengeneza utando unang'aa rangi rangi vile vile, unaapa ni dizeli. Chukua kijiti, upasue ule utando. Ukivunjika vipande vipande kama kioo na vikabaki mbali mbali, hao ni bakteria, nenda kalale. Ukiupasua halafu ukarudi kuungana nyuma ya kijiti, hayo ni mafuta. Kijiti tu, hakuna mashine.

Cha pili ni kiasi, na hapa watu hupotea sana. Utando wenye rangi za upinde wa mvua unaweza kuwa mwembamba hivi, sehemu moja ya elfu ya milimita. Mtaro wetu ni mita tatu kwa upana, chukua urefu wa mita mia tatu, hiyo ni mita mraba 900, zidisha na huo wembamba, unapata chini ya lita moja. Lita moja! Chupa moja ya maji ya kunywa ya kwenye mkutano huu inaweza kupaka rangi mtaro wote kutoka barabarani mpaka baharini. Sisi kwenye barua tuliandika "maelfu ya lita". Niliandika mimi, nishasema.

Lakini simaanishi kidogo ni salama, na hapa naomba tutulie kidogo. Dizeli ni moja, petroli ni nyingine. Petroli inatoa mvuke haraka sana, mvuke wake ni mzito kuliko hewa kwa hivyo unalala chini mtaroni haupandi juu, na hewa ikishakuwa na mvuke wa petroli asilimia 1.4 tu, cheche inatosha. Mnakumbuka Sinai, kule Mukuru, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011. Petroli ilivuja kutoka kwa mitambo ya bomba la mafuta ikaingia kwenye mtaro wa maji ya mvua unaopita kwa makaazi ya watu, watu wakakimbia na ndoo na mitungi kuchota, asubuhi, wengine watoto, na moto ukawakuta pale pale. Zaidi ya watu 100 walikufa. Na kule Mexico, mji wa Guadalajara, Aprili 1992, wakaazi walilalamika siku kadhaa kwamba meniholi zinanuka petroli, mafundi wakaja, wakapima, wakaondoka, watu hawakuhamishwa, na tarehe 22 mtaro wa maji taka ukalipuka kilomita kama 8 za barabara, zaidi ya watu 200 wakafa. Walipochimba walikuta bomba la maji lililopakwa zinki limewekwa karibu na bomba la chuma la petroli, madini mawili tofauti kwenye udongo wenye unyevu yakafanya kama betri, chuma kikaliwa mpaka kikatoboka. Mtu alilaza tu bomba la maji. Kwa hivyo ukisikia harufu ya petroli, si dizeli, petroli, usichunguze. Zima jiko, usiwashe sigara wala kuparua kiberiti "uone vizuri", ondoa watoto, piga simu zimamoto. Uchunguzi utakuja baadaye.

Haya turudi kwetu. Nani kati yenu ni mvuvi, au ametoka familia ya wavuvi? Mzee pale, shikamoo. Mzee, wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanajaa saa ngapi hapa? Mmesikia, saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na jioni, kila bamvua ni hivyo hivyo hapa Mombasa, na yanapanda zaidi ya mita tatu. Sasa mtaro wetu umelala, hauna mteremko wa maana. Bahari ikijaa maji hayaendi chini, yanarudi juu! Mafuta yanaelea, kwa hivyo yanabebwa kwa nyuma, yanapanda yanapanda mpaka pale mtaro unapobanwa na karavati, ile njia ya maji inayopita chini ya barabara, hapo yanakwama. Na karavati iko wapi? Chini ya petroli stesheni. Maji yakipwa, yanaacha mstari mweusi ukutani pale, na sisi tunaamka saa kumi na mbili tunaona ushahidi umekaa chini ya pampu za watu. Kwenye mtaro unaoguswa na bahari mahali mafuta yalipo hapakuambii yametoka wapi, mpaka ujue maji yalikuwa yakienda upande gani. Mimi nimezaliwa kwenye hili hori, nimeogelea humo, na sikufikiria.

Aliyetutoa kwenye ujinga ni mama mmoja jirani, anafuga bata. Bata kumi na kitu, wanashinda mtaroni. Alikuja kwangu amekasirika, si juu ya mazingira, juu ya bata, anasema mama bata amerudi manyoya yamegandana, anatetemeka, hawezi kulalia mayai. Nikamuuliza lini, nikitegemea ataniambia "juzi juzi". Akaniambia ngoja. Akaenda ndani akaja na ile kalenda ya bucha, ile yenye picha ya ng'ombe juu na siku chini, na kwenye siku nyingine kuna alama ya kalamu nyekundu, duara na ndani "B". B ni nini mama? "Bata wachafu." Miezi mitatu, alama 11. Hakuna ofisi yoyote iliyokuwa na rekodi kama ile, na ilikuwa imetundikwa kwa msumari nyuma ya mlango wa jikoni na ina doa la mchuzi kwenye mwezi wa sita.

Tukakaa na zile tarehe. Si siku za mvua, manake mvua ingekuwa imesukuma mafuta kutoka barabarani au magereji. Si siku za lori la mafuta kuja kushusha pale kituoni, manija mwenyewe alituonyesha vitabu vyake, na nitasema ukweli alituonyesha kwa heshima ambayo hatukustahili. Kila asubuhi wanatia fimbo kwenye tangi, wanasoma, wanalinganisha na kilichouzwa, na kwenye ncha wanapaka ile dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, kwa sababu tangi likitoboka pale kwetu ambapo maji ya chini yako karibu, maji nayo yanaweza kuingia. Vitabu vilikuwa vimekaa sawa, na dawa haikubadilika rangi.

Halafu kijana wake yule mama akasema, kama mzaha, hizi siku ni kama zile stima zinapotea. Unajua vile gurupu ya WhatsApp ya mtaa ilivyo, stima ikienda tu mtu anaandika "kwenu pia?" na ile meseji ina saa na tarehe. Tukaandika neno "stima" kwenye kutafuta, tukapanda nayo juu mpaka miezi mitatu nyuma. Alama 9 kati ya 11, usiku wa kabla yake stima ilipotea zaidi ya saa moja. Nilipata baridi mgongoni, walahi.

Stima ikipotea nini kinawaka? Jenereta. Sasa hatukutafuta tena nani muovu, tulitafuta nani ana jenereta kubwa na anamwaga maji mtaroni, na jibu lilikuwa jengo moja la maghorofa huku chini karibu na hori, mbali kabisa na petroli stesheni. Keateka, yule msimamizi wa jengo, akatufungulia mwenyewe, hakuwa na la kuficha, hakujua. Jenereta ina kitangi kidogo kinachojazwa na pampu kutoka tangi kubwa, ndani kuna floti kama ile ya tangi la choo, ikipanda inazima pampu. Floti ilikuwa imekwama. Kila jenereta ikiwaka pampu inasukuma tu, dizeli inafurika, na ule mpira wa kuirudisha kwenye tangi kubwa umechomoka, kwa hivyo inatiririka polepole sakafuni inaingia kwenye kishimo cha kukusanya maji, na kwenye kishimo kuna pampu nyingine ambayo kazi yake ni moja, kishimo kikijaa, mwaga nje. Mtaroni. Nilichuchumaa pale na tochi, utando wa dizeli juu ya maji meusi, na vitambaa vitatu ambavyo mtu aliwahi kupangusia akavisahau.

Mtu atauliza, si mngepeleka maabara tu mkamaliza? Tulipeleka, na ndiyo ilikaribia kutumaliza sisi. Kwanza mjue kuchukua sampuli, chupa ya kioo, si ya plastiki kwa sababu plastiki inanyonya mafuta na yenyewe inatoa kemikali, ijaze mpaka juu, iweke baridi, andika saa, mahali, nani aliishika na alimpa nani. Maabara wanaipitisha kwenye kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha kemikali moja moja, unapata mchoro una vilele kama meno ya msumeno. Unakuambia ni dizeli au mafuta ya taa au petroli, na unaweza kukuambia ni ya juzi au ya zamani, kwa sababu bakteria wakianza kula wanamaliza zile molekuli zilizonyooka kwanza, zenye matawi wanaziacha mwisho. Basi matokeo yakarudi: dizeli mbichi, na inafanana na sampuli ya petroli stesheni. Mtaa ukalipuka kwa furaha, tumemshika!

Sasa fikiria. Mafuta ya Kenya yanashuka pale Kipevu, bandarini hapa Mombasa, kwa meli kubwa kubwa. Miaka mingi ilikuwa tenda moja, anayeshinda analeta kwa niaba ya wote wanagawana, na tangu 2023 ni mpango wa serikali kwa serikali na kampuni za Saudia na Emirati, lakini bado mzigo ni mmoja unagawanywa. Majirani zetu Tanzania pia wananunua kwa pamoja. Kwa hivyo dizeli ya kituo hiki na kile cha ng'ambo ya barabara ni ndugu wa tumbo moja. Na juu ya hapo, lile jengo lilikuwa likinunua dizeli yake ya jenereta wapi? Pale pale kwa manija wetu. Maabara haikusema uongo, ilisema haya ni mafuta gani, sisi tukasikia mkono wa nani.

Swali? Ndiyo, dada. Anauliza kama yanatoka chini ya ardhi itakuwaje. Hapo ni kazi ngumu zaidi. Kule Brooklyn, New York, mwaka 1978 helikopta ya walinzi wa pwani iliona mafuta kwenye Newtown Creek, ni mfereji unaopita ubavuni mwa mtaa wa Greenpoint, na walipochunguza ikakadiriwa galoni milioni 17 zimelala chini ya viwanda na nyumba za watu, zilikuwa zikivuja kwa miongo. Hapa kwetu Thange, Makueni, 2015, bomba la Mombasa mpaka Nairobi lililowekwa 1978 lilivuja mafuta yakaingia mtoni, na hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 3.8 ilitoka 2023, miaka minane. Lakini Katiba, kifungu cha 70, haikutaki uthibitishe umepata hasara wewe binafsi ndiyo uende kortini juu ya mazingira, hilo mlishike. Na jambo dogo, kabla sijasahau, msimwage sabuni ya unga kuondoa rangi. Mafuta hayaondoki, yanavunjika vidogo vidogo yanashuka chini kwa samaki, na ushahidi wako umeuosha mwenyewe.

Manija? Nilikwenda kumuomba radhi. Alinipa soda, hakusema mengi, akasema wale vijana wawili mmoja alisharudi kwao Kilifi. Barua ya pili ya kufuta ile ya kwanza niliandika pia, ikapata sahihi 19.

Zimebaki alama mbili kwenye kalenda ambazo stima haikupotea. Moja tunadhani ni mtu aliosha lori. Nyingine sijui. Bamvua inaanza Jumanne, maji yatakuwa juu saa kumi na nusu alfajiri, nitakuwa pale kwa karavati na mama wa bata, mwenye tochi aje, na mkija msije na sigara.