Nisimame Wapi? Kutazama Sanaa ya Baroko Roma Pamoja na Wanafunzi

Walimu wenzangu, mwanafunzi akifika Roma kutazama Baroko, mtindo wa sanaa uliostawi Ulaya, swali lake la kwanza lisiwe "hii ni picha ya nani?" Liwe "nisimame wapi?" Wasanii wa karne ya 17 walimpangia mtazamaji mahali pake kwa uangalifu uleule waliopangia rangi.

Tuanzie kanisa la San Luigi dei Francesi. Kikanisa cha Contarelli ni cha mwisho upande wa kushoto, na ndani yake mna picha tatu za mchoraji Caravaggio. Mna giza pia. Pembeni kuna kisanduku: unatumbukiza sarafu, taa zinawaka, na baada ya muda mfupi zinazima. Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika. Mwalimu anatia sarafu, ndipo anaanza kueleza, na giza linamkuta angali kwenye utoto wa mchoraji. Maelezo yaishie nje, uwanjani. Ndani ni macho tu. Beba sarafu za yuro za kutosha, noti hazina kazi pale. Watu thelathini hawaenei mbele ya kizuizi cha kikanisa hicho, kwa hiyo waende kumikumi.

Hata hivyo, usikimbilie sarafu. Waache kwanza macho yazoee giza. Juu ya altare (madhabahu) kuna dirisha. Kwenye ukuta wa kushoto, katika picha ya Kuitwa kwa Mathayo (1599–1600), mwanga unaingia kutoka kulia. Ukutani mkabala, katika Kuuawa kwa Mathayo, unaingia kutoka kushoto. Maana yake, picha zote mbili zinaangazwa kutoka upande wa dirisha la kweli. Lile dirisha lililochorwa ndani ya picha ya kwanza halitoi mwanga wowote. Sasa washa taa, uulize: Mathayo ni yupi, mwenye ndevu anayenyoosha kidole, au kijana aliyeinamia fedha mwisho wa meza? Wataalamu wanabishana hadi leo, basi nao wabishane, ila kwa kunong'ona.

Kanisa la Sant'Ignazio si mbali, mnafika kwa miguu. Mchoraji Andrea Pozzo alichora dari lake kati ya 1691 na 1694. Katikati ya sakafu tafuteni duara la marumaru. Ukisimama juu yake, nguzo za kuchora zinapanda wima hadi mawinguni. Ukianza kutembea polepole kuelekea altare, macho yakiwa juu, nguzo zilezile zinalala upande kama nyumba inayotaka kuanguka. Kuba lililo mbele nalo si kuba: ni kitambaa bapa kilichochorwa. Watu hupanga foleni kwenye kioo kilichowekwa ili wapige picha dari. Mimi ningeiacha foleni hiyo, kwa sababu kioo hakikuonyeshi nguzo zikianguka.

Makanisa mengi hufungwa mchana, na wakati wa misa hakuna kutalii. Mabega na magoti yafunikwe. Basi asubuhi iwe ya makanisa, na mchana mwende jumba la makumbusho la Galleria Borghese. Huko tiketi hukatwa mapema kwa saa maalumu, mabegi huachwa mapokezi, na mna muda wa saa mbili tu.

Saa mbili hizo msizitawanye. Mzunguke Apollo na Daphne, sanamu ya Bernini (1622–1625) ya msichana anayegeuka mti, mara moja nzima, mkifuata gome la mti linavyompanda msichana na vidole vinavyogeuka majani. Kisha nendeni kwa Caravaggio, kwenye picha ya Bikira Maria na Mtoto wakimkanyaga nyoka, Mtakatifu Anna akiwatazama. Ilichorwa 1605–1606 kwa ajili ya altare katika Basilika la Mtakatifu Petro, ikaondolewa haraka. Leo haina altare chini yake wala anayeipigia magoti. Mwambie mwanafunzi asogee nyuma, akunje magoti, na atazame tena kutoka chini, alipokusudiwa muumini awe: kitu cha kwanza kumfikia ni zile nyayo mbili, ya mama na ya mtoto juu yake, na kichwa cha nyoka chini yao.