Mombasa hadi Nairobi na watoto watatu garini: simu isitoke kabla ya Mtito Andei

Asalaam aleikum, karibuni tena uani kwetu Kisauni. Leo sipiki. Hilo gari mnaloliona nyuma yangu, la viti saba, milango wazi kama limepata ajali, kesho alfajiri linakwenda Nairobi kwenye harusi ya upande wa mume wangu. Ndani tutakuwa mimi na babake watoto, watoto wenyewe watatu, wa miaka 10, 7 na 4, na mamangu mkwe ambaye magoti yake hayapendi kukunjwa. Safari ni karibu kilomita 480. Nimeshaipita na wanangu mara nyingi kiasi cha kujua kilio huanzia wapi. Huanzia Samburu. Si ile Samburu ya kaskazini, hii yetu ya Kwale, ambapo hata hujafika robo ya njia.

Zamani nilikuwa nagawa michezo kwa saa. Saa moja hadithi, saa moja simu, saa moja kulala. Haikufaa hata siku moja, maana mtoto hajui saa. Siku hizi nagawa kwa miji. Kila kipande cha njia kina shughuli yake, na simu ina kipande chake, mbali kabisa. Haya, tuanze.

Hatua ya kwanza ni usiku wa leo, kupanga gari. Upepo wa magurudumu na maji ya rejeta ni kazi ya babake watoto, na upepo upimwe gari likiwa limepoa, si baada ya kuzunguka mjini. Mimi nashika ndani. Tazameni buti: masanduku ya harusi chini kabisa, hayo hayafunguliwi mpaka tufike. Juu yake sweta za kila mtu. Najua tuko Mombasa na mnatokwa na jasho mkinitazama tu, lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na baridi itawapokea njiani kabla hamjafika. Juu ya sweta, mfuko mdogo wa kila mtoto wenye nguo moja ya kubadilisha. Mfuko mmoja mkubwa wa nguo za wote ni kosa. Utaupekua wote kando ya barabara, malori yakipita, ukitafuta suruali moja.

Na hili hapa ni kopo la siagi, tupu, lina kifuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na mfuko wa karatasi ukitapikiwa, maskini, hauchukui dakika. Kopo linafungwa, harufu inabaki humo, linaoshwa mtakaposimama. Nabeba matatu. Moja liwe mkononi mwa mtoto mwenyewe, si chini ya kiti.

Hatua ya pili, jua. Chukua leso. Fungua mlango wa nyuma, hivi. Leso itundike juu ya fremu ya mlango, pindo moja nje, upande mwingine ndani, kisha funga mlango. Umeona? Imebanwa, haitoki, na kioo kikiwa juu haipeperuki. Mkienda Nairobi mnaelekea kaskazini magharibi, kwa hivyo asubuhi jua linawapiga nyuma, upande wa kulia. Kuanzia adhuhuri linahamia kushoto na mbele. Leso nayo inahama. Wengi huweka pazia upande mmoja asubuhi, wakasahau, na alasiri mtoto wa kushoto anaokwa kama mkate wa sinia. Madirisha ya mbele hayafunikwi kabisa, wala kioo cha nyuma. Dereva anavihitaji.

Leso nyingine tatu zikae karibu. Moja ya kujifunika kiyoyozi kikizidi, moja ya kutandika chini mtakaposimama, moja ya kumzibia mtoto akibanwa na haja penye nyika. Sijapata kununua kifaa cha safari kilichonifaa kuliko leso.

Hatua ya tatu, nani akae wapi. Nyanya yao anakaa mbele kushoto, kiti kimerudishwa nyuma. Si heshima peke yake, ingawa ndiyo pia. Mtu mzima akikaa miguu imekunjwa saa nane, nyayo zinavimba. Tukiwa njiani namkumbusha azungushe vifundo vya miguu, na kila tukisimama anatembea kidogo, hata kama anasema yuko sawa. Atasema yuko sawa.

Wa miaka minne yuko kwenye kiti chake cha mtoto, kimefungwa kwa mkanda. Wa miaka saba ndiye mtapikaji wetu, kwa hivyo anakaa katikati, anapoiona barabara ya mbele. Kichefuchefu cha gari hutokana na ugomvi wa macho na masikio: sehemu ya ndani ya sikio inahisi gari linakwenda, macho yaliyoinama kwenye kitabu au simu yanaona kitu kimetulia, na ubongo haujui umwamini nani. Akitazama mbali mbele, ugomvi unapungua. Ndiyo maana simu asubuhi hapana. Kama mtoto wako hutapika sana, mwone mfamasia leo, na uliza dawa hiyo inafaa umri gani. Usimpe mtoto dawa ya mtu mzima kwa kuikata nusu.

Hatua ya nne, chakula, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeaibika sana katika jambo hili. Mwaka mmoja nilibeba mahamri na mbaazi. Mbaazi za nazi, moto, kwenye bakuli lenye kifuniko nilichokiamini. Tuta la Mariakani likatutupa juu, na mbaazi zikaingia kwenye mashimo ya mkanda. Harufu ya nazi iliyochacha ilikaa garini mpaka mfungo ukaisha. Basi: mahamri ndiyo, mbaazi mle nyumbani. Chochote cha tui la nazi kwenye joto la nyika ya Taru kinachacha haraka, kwa hivyo wali wa nazi, samaki wa kupaka, vyote viacheni. Viazi karai na bajia navipenda kuliko mnavyofikiria, lakini mafuta kwenye tumbo linaloyumba ni kulitafuta kopo.

Ninachobeba ni hiki: mahamri makavu, mayai ya kuchemsha, krisps za muhogo zisizo na pilipili, ndizi, machungwa yaliyokwisha menywa. Chai ya tangawizi kwenye chupa, maana tangawizi hutuliza tumbo. Mabuyu? Wanangu wanayataka, na mimi pia, lakini ile rangi nyekundu ikifika kwenye kiti haitoki. Yanaliwa nje ya gari, kisha mikono inaoshwa.

Maji: chupa nne zenye maji nusu zimelala kwenye friza tangu asubuhi. Zilaze hivi, zisijae, maana maji yakiganda hutanuka. Kesho naziongeza maji ya kawaida. Zinapoza chakula, kisha zinanyweka zikiyeyuka.

Na hii hapa, msimwambie mtu. Kasha la kaimati. Linakwenda chini ya kiti changu, na watoto hawajui kama lipo. Tutalirudia.

Hatua ya tano, kuondoka. Saa kumi na moja alfajiri, tukishaswali. Watoto wanabebwa wamelala, na nguo za safari wamevalishwa tangu usiku. Mkivuka Makupa, Changamwe na Miritini kabla malori hayajaamka, mmeshinda nusu ya vita. Mkichelewa saa moja tu, mtakutana na foleni ya malori kuelekea mizani ya Mariakani, na watoto wataamka gari limesimama. Hapo hakuna mchezo utakaowaokoa.

Sasa vipande vya njia.

Mariakani mpaka Mackinnon Road, wanaamka. Hapa mchezo ni namba za malori, maana mizigo ya bandari yetu inakwenda mbali. Namba ikianza na K ni ya hapa Kenya, haina pointi. Ikianza na U ni Uganda, pointi moja. R ni Rwanda, pointi tatu. Wa miaka kumi ndiye karani. Mnavuka Taru, nyika tupu, mibuyu na vumbi, na mtoto wa mjini anasema hakuna kitu cha kutazama. Basi mwambie atege kitendawili kwa anachokiona. Yule wa miaka saba alitega hivi: "Mzee ana tumbo kubwa, vidole juu anaomba dua." Tukatoa miji mitatu kabla hajakubali kutuambia ni mbuyu. Nyanya yao alidai apewe Mecca. Hakupewa.

Mackinnon Road kuna msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, kando ya reli. Madereva wengi husimama kuomba dua, nasi husimama dakika kumi. Miguu inanyooka, choo kinapatikana, na nyanya anaridhika.

Kutoka hapo mpaka Voi ni kamba ya maneno. Lugha yetu imeumbwa kwa mchezo huu kwa sababu maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu. Mmoja anasema samaki. Wa pili anaanzia na ki: kisima. Wa tatu, ma: mahamri. Anayekwama anatoka. Watoto watagundua haraka kwamba ukisema chungwa, mwenzako anatafuta neno la ngwa na amekwisha. Acheni wagundue wenyewe, ndiyo raha yake. Wa miaka minne anaruhusiwa kubuni maneno. Hivyo tu, msibishane naye.

Voi ni choo na kifungua kinywa, leso chini ya mti, nusu saa kamili. Mtoto asiyekimbia Voi atapigana Manyani.

Voi mpaka mto Tsavo ndicho kipande bora cha njia nzima. Kulia mna Tsavo Mashariki, kushoto Tsavo Magharibi. Mbuga hii ilianzishwa mwaka 1948, na barabara na reli zinapita katikati. Leso zote zitolewe madirishani. Sheria ya gari letu: atakayeona ndovu wa kwanza atachagua mahali pa kukaa jioni. Waambieni wasitafute ndovu wa kijivu. Hawa hujipaka udongo mwekundu, kwa hivyo watafute kichuguu kinachotembea. Mkiwaona, dereva apunguze mwendo na macho yake yabaki barabarani, na msishuke. Hata kwa picha.

Kabla ya daraja la Tsavo, paukwa! Wakisema pakawa, anzeni kisa cha simba wawili wa mwaka 1898. Walikuwa madume wasio na manyoya ya shingoni, wakiwavamia usiku wajenzi wa daraja la reli na kuwaburuta kutoka hemani, mpaka kazi ikasimama. Mhandisi Patterson aliwaua wote wawili Desemba mwaka huo, na leo wamewekwa kwenye jumba la makumbusho huko Chicago. Kisa kikiisha mkiwa juu ya daraja, gari litanyamaza lenyewe. Kama una mtoto mwoga, mpelekee ya Abunuwasi.

Mtito Andei, karibu nusu ya njia. Jina lenyewe ni la Kikamba, msitu wa tumbusi. Wakishajisaidia na kula, sasa simu. Kila kitu kiwe kimepakuliwa nyumbani, maana mtandao njiani hupotea, na kila mtoto awe na visikizi vyake. Mtapikaji wangu yeye hatazami simu: anapewa hadithi za sauti tu, simu yenyewe naishika mimi. Nawaacha mpaka Makindu, na hapo nazirudisha. Watalalamika. Ndiyo.

Makindu kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, na msafiri yeyote hupewa chakula bure: dengu, chapati, wali, chai, hakuna nyama. Vua viatu, funika kichwa, usiingie na sigara wala pombe. Mama mkwe wangu alikataa kushuka mara ya kwanza. Siku hizi ndiye anayeuliza tumebakisha kilomita ngapi. Kuna sanduku la sadaka, tia chochote ulichonacho.

Emali tunaswali adhuhuri. Asubuhi iliyotakata, mlima Kilimanjaro huonekana kushoto, lakini sisi hufika umeshajificha mawinguni, kwa hivyo siwaahidi wanangu kitu. Sultan Hamud na Salama gari linapanda, sweta zinatoka, masikio yanaziba. Wape watoto kitu cha kutafuna au maji wameze.

Halafu Athi River. Foleni. Mmechoka, simu zimeisha chaji, nyanya amenuna, mtapikaji anauliza tumefika kwa mara ya arubaini, na mbele taa za breki tu mpaka Mlolongo. Hapo ndipo mkono wangu unaingia chini ya kiti, na kasha la kaimati linafunguliwa.